Ukitaka kuwasaidia wanaoishi kwenye mahema huku Marekani, anzia kwenye makaratasi yao

Wengi wetu tunaoishi huku Marekani tunapita karibu kila siku pembeni ya yale mahema, chini ya madaraja ya barabara kuu, kando ya reli, nyuma ya maduka makubwa, na najua makanisani na misikitini kwetu wapo wengi wanaotamani kufanya kitu ila hawajui waanzie wapi. Kinachofanyika kawaida ni hiki, watu wanachanga hela, wananunua sandwichi na maji, wanapakia kwenye gari, wanagawa nusu saa, picha zinapigwa alafu basi mpaka Krismasi nyingine au Ramadhani nyingine. Sio vibaya, mwenye njaa kala. Ila kama unachotaka ni mtu atoke kwenye hema aingie kwenye chumba chenye mlango na ufunguo, kazi kubwa iko kwenye makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), kitambulisho cha jimbo. Bila hivyo vitatu mtu atakaa kwenye hema miaka hata kama kila siku analetewa chakula, na hivyo vitatu ndio vitu vinavyopotea kirahisi kuliko vyote. Sasa nielekeze jinsi ya kufanya, taratibu.

Kwanza jua unaenda kwa nani. Hesabu ya serikali ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta watu 771,480 hawana makazi nchi nzima, na zaidi ya theluthi moja walikuwa nje kabisa, kwenye mahema, magari, vibarazani, sio shelta (nyumba za kulala za msaada). Na hiyo ni ya usiku mmoja tu, aliyejificha vizuri hakuhesabiwa. Watu wanapenda kusema hawa wote ni walevi na wavuta unga, mimi nakataa, manake angalia West Virginia, ni jimbo lililoumizwa sana na dawa za kulevya, vifo vya ovadozi (kuzidisha dawa mwilini) viko juu kuliko karibu majimbo yote, lakini mahema sio mengi kama Los Angeles au Seattle au Portland. Tofauti ni kodi ya nyumba. Penye vyumba vya bei nafuu hata mtu mwenye matatizo yake anapata pa kulala, pasipo na vyumba anaanguka yule aliyekuwa ameshikilia kwa kidole, kazi imeisha, ndoa imevunjika, bili ya hospitali imekuja, basi. Ukienda na hii kichwani utaongea nao vizuri. Ukienda ukiamini wamejitakia, watakuona kabla hujafungua mdomo.

Jambo la pili la kujua kabla ya kutoka nyumbani ni sheria, kwasababu imebadilika. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mji mdogo wa Oregon unaitwa Grants Pass, majaji 6 kwa 3, kwamba mji unaweza kumpiga faini au kumfunga mtu kwa kulala nje hata kama hakuna kitanda cha shelta cha kumpa. Kabla ya hapo majimbo ya magharibi yalikuwa yanabanwa na hukumu ya 2018 ya kesi ya mji wa Boise, Idaho, iliyosema huwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje kama hana pengine pa kulala. Hiyo kinga imeondoka. Mwezi uliofuata gavana wa California akatoa amri ya kuondoa kambi kwenye ardhi ya jimbo, Florida nayo ikaanza kutumia sheria yake Oktoba 2024, na Tennessee tangu 2022 kulala kwenye ardhi ya umma inaweza kuwa kosa kubwa la jinai. Kwako wewe msaidizi maana yake ni hii: yule mtu anaweza kuwa na tiketi ya faini mfukoni ambayo hajailipa na hajaenda mahakamani, na tiketi isiyojibiwa inaweza kugeuka hati ya kukamatwa, na hati ya kukamatwa inaweza kuja kuonekana siku mwenye nyumba anapochunguza historia yake. Kwahiyo mkishazoeana muulize kwa upole, una tiketi yoyote? Kama ipo, umpeleke mahakamani siku yake au kwa mawakili wa bure. Safari moja ya gari hiyo inaweza kuwa na faida kuliko sandwichi mia.

Namna ya kuingia kambini

Hema ni nyumba ya mtu. Usifungue zipu, usichungulie, usitingishe. Simama hatua kadhaa nyuma, piga hodi kwa sauti ya kawaida, jitambulishe jina, sema umekuja na nini, asipojibu ondoka, kesho ipo. Nendeni wawili au watatu, sio kumi na tano wenye tisheti za kufanana, na nendeni saa nne saa tano asubuhi hivi, sio usiku. Usipige picha. Narudia, usipige picha, kuna wanawake pale wamekimbia waume wanaowapiga na picha yako ya Facebook ndio itakayomwonyesha mume mahali mkewe alipo. Mtu akiwa amekaa chini na wewe chuchumaa, usimwongeleshe ukiwa umemsimamia kama askari. Usimuulize ilikuwaje ukafika hapa, hiyo stori ni yake akitaka atakupa mwenyewe.

Kila kambi ina mtu wake, mara nyingi mama au mzee fulani anayejua nani anaumwa, nani ni mjamzito, nani katoka jela juzi, nani hapatani na nani. Mtafute huyo, msalimie kwanza, msikilize, na ukiwa na vitu vya kugawa muulize yeye nani anahitaji zaidi. Alafu rudi. Siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Wamezoea watu wa kuja mara moja, ahadi za kila aina wameshazisikia, kinachojenga uaminifu ni wewe kuonekana tena Jumamosi inayofuata hata kama huna kitu mkononi.

Ukikuta mtu anaongea peke yake au anapiga kelele na hamdhuru mtu, usikimbilie kuita polisi. Kuna namba 988, ya watu waliozidiwa na matatizo ya akili, inafanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022, piga hiyo kwanza uulize wanaweza kutuma nani.

Ubebe nini

Soksi mpya. Hakuna kitu kinaombwa sana kama soksi na hakuna kitu watu wanasahau kuchangia kama soksi. Miguu ikikaa imelowa siku mbili tatu ngozi inaanza kuoza, kidonda kinaingia, mwenye kisukari anaweza kukatwa mguu. Chupi mpya pia, pedi, maji, tochi, pawabenki, mifuko mikubwa ya taka, turubai. Chakula kiwe laini manake wengi meno yameharibika, ndizi sawa, tufaha hapana. Usimwage marundo ya nguo za zamani, zinalowa, zinageuka takataka, alafu hiyo takataka ndio inakuja kuwa sababu ya kambi kuvunjwa. Wakati wa baridi leta godoro jembamba la sponji au hata maboksi ya kutandika chini, baridi kali inatoka ardhini kuliko juu. Na tafadhali usimletee mtu jiko la gesi au la mkaa la kuwasha ndani ya hema, ile hewa ya sumu haina harufu, mtu analala haamki, na hema likishika moto linaisha lote kwa sekunde chache.

Kuhusu kugawa chakula kwa kundi, ulizia mji wako kwanza. Fort Lauderdale, Florida, 2014 walimshtaki mzee wa miaka 90, Arnold Abbott, kwa kulisha watu hadharani. Houston 2012 waliweka sheria kwamba ukilisha zaidi ya watu watano unatakiwa uwe na ruhusa ya mwenye eneo. Sio kila mji uko hivyo, ila ni vizuri ujue kabla hujaenda na masufuria.

Makaratasi yenyewe

Hapa ndio nataka tukae kidogo. Tatizo la makaratasi ni mduara, ili upate kitambulisho wanataka cheti cha kuzaliwa, ili upate cheti cha kuzaliwa wanataka kitambulisho, na cheti chenyewe labda kiko jimbo lingine alikozaliwa miaka hamsini iliyopita. Mtu mwenye nyumba, intaneti, printa na kadi ya benki anaweza kuvunja huo mduara kwa wiki chache. Mtu wa hema hana hata kimoja hapo. Wewe unavyo vyote. Huo ndio msaada ambao yeye hawezi kujipa na wewe unaweza kumpa bila kuwa tajiri.

Fanya hivi. Kaeni chini na simu yako, muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti, tarehe, kaunti na jimbo alipozaliwa, majina ya wazazi. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya vizazi ya hilo jimbo, angalia wanataka uthibitisho gani kama mtu hana kitambulisho, majimbo mengi yana njia mbadala, mfano barua kutoka kwa shirika linalomhudumia au karatasi ya kutoka hospitali au gerezani. California wameondoa ada kabisa kwa mtu asiye na makazi, cheti cha kuzaliwa bure na kitambulisho bure, ila kuna fomu ambayo mhudumu wa shirika linalosaidia wasio na makazi anatakiwa aisaini. Jimbo linalotoza, lipa wewe, ndio mahali pa ile michango. Kadi ya Social Security iliyopotea kuipata upya ni bure, usikubali mtu awalipishe.

Anwani ndio kikwazo kinachofuata, barua ije wapi? Posta ya Marekani ina huduma ya kupokea barua kwa asiye na anwani, inaitwa General Delivery, mtu anaandikiwa kwa jina lake na jina la posta, barua inashikiliwa mpaka siku 30, anaenda kuichukua mwenyewe. Lakini njia nzuri zaidi ni kanisa lenu au msikiti wenu ukubali kuwa anwani. Boksi moja la mbao pale ofisini, majina yameandikwa, mtu mmoja kapewa jukumu la kuangalia kila siku. Hakuna gharama yoyote na kwa mtu wa hema ni kitu kikubwa mno, vyeti vinafika, barua za mahakama zinafika, kadi ya chakula inafika.

Karatasi ikishapatikana, ipige picha pande zote mbili, mfungulie imeili kama hana, mtumie humo, nywila iandikwe pia mahali kwingine salama. Orijino akae nayo yeye, kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ndani ya kipochi cha kuvaa shingoni chini ya nguo. Isikae kwenye hema! Kuna mzee mmoja nilimkuta, mwanajeshi wa zamani, karatasi yake ya kuachishwa jeshi alikuwa kaitia kwenye mfuko wa mkate, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshakatika, muhuri unaonekana nusu na sehemu ya jina imevuja wino. Alikuwa anaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika bawa la kipepeo. Hiyo karatasi ndiyo inayomfungulia vocha za nyumba (hati ya serikali ya kulipia sehemu kubwa ya kodi ya pango) za wanajeshi wa zamani, mpango unaoitwa HUD-VASH, na vocha hizo mara nyingi zinapatikana haraka kuliko foleni ya kawaida. Kwahiyo kila mzee unayemkuta muulize alitumikia jeshi? Wengi hawasemi. Akisema ndio, piga naye 877-424-3838, ni namba ya bure ya wanajeshi wa zamani wasio na makazi, usiku na mchana, na karatasi ikiwa imepotea kabisa wanaweza kumwelekeza jinsi ya kuomba nakala.

Foleni ya nyumba

Kila eneo linalopokea hela za serikali kuu kwa ajili ya hii kazi lazima liwe na foleni moja ya pamoja. Mtu anahojiwa maswali mengi, majibu yanaingia kwenye kompyuta, anapangwa. Kuanza, piga 211, namba ya kuulizia huduma za jamii, uulize wapi anahojiwa. Kitu ambacho wengi hawaelewi ni kwamba sio aliyetangulia ndio anayehudumiwa kwanza, anayetangulizwa ni aliye kwenye hatari zaidi. Sasa mtu mwenye heshima zake akiulizwa afya yako vipi anajibu niko poa, umelazwa hospitali mwaka huu, aah mara moja tu sio kitu, basi anashushwa chini kabisa. Mwambie kabla hamjaenda asijifanye jasiri. Aseme ukweli wote, kifafa, kulazwa, kupigwa, kila kitu. Simaanishi adanganye, ukweli wa maisha yake unatosha.

Na hapa kuna kitu kidogo ambacho naomba kila anayesoma akifanye: namba yako ya simu iandikwe kama namba ya pili kwenye faili lake. Simu za kambini zinaibiwa, zinalowa, zinaisha chaji. Jina la mtu linaweza kufika juu ya foleni baada ya kusubiri mwaka, mhudumu anapiga, haipatikani, anapiga tena, anahamia kwa jina linalofuata. Namba yako ikiwepo utapigiwa wewe, utawasha gari, utaenda kumtafuta.

Siku ya bomoabomoa

Kabla ya kuvunja kambi miji mingi inabandika tangazo kwenye nguzo au kwenye hema lenyewe. Lisome lote na ulipige picha. Tafuta tarehe na saa, mipaka ya eneo (wakati mwingine upande wa pili wa barabara haumo), vitu vitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na namba ya kupiga. Muda wa tangazo unatofautiana sana, mahali pengine siku kadhaa, Denver kwa mfano walikubaliana mahakamani 2019 kutoa siku saba kwa uvunjaji mkubwa, pengine ni masaa tu. Hukumu ya Grants Pass haikugusa haki ya mali. Kuna uamuzi wa mahakama ya rufaa ya magharibi wa 2012, kesi ya Los Angeles, kwamba mji hauwezi kuchukua vitu vya mtu na kuviharibu hivi hivi bila utaratibu hata kama kaviacha kidogo barabarani. Los Angeles vitu vinavyochukuliwa vinatakiwa kutunzwa siku 90.

Nenda jioni ya kuamkia siku yenyewe, na gari. Usisubiri asubuhi, asubuhi kuna malori, kijiko cha kuchimbia, polisi, watu wamechanganyikiwa, mtu anakimbizana na mbwa wake huku hema lake linabebwa. Panga naye kwa mfuatano huu: makaratasi, dawa, simu na chaja, miwani na meno ya bandia, picha za watoto wake, alafu mablanketi, hema mwishoni. Hema linanunulika. Dawa za kifafa au za akili zikitupwa inaweza kumchukua wiki kuzipata tena na ndani ya hiyo wiki anaweza kufa au kuishia jela. Andika jina kwenye kila begi kwa kalamu nene. Wewe simama kwenye njia ya watembea kwa miguu, unaruhusiwa kurekodi ila usiwazuie wafanyakazi, na kama hujapata uraia kuwa makini zaidi hapo, kukamatwa hata kwa kitu kidogo kunaweza kukuletea shida kwenye makaratasi yako mwenyewe, waachie wenye pasi ya Marekani wasimame mbele. Kabla hawajasambaa muulize kila mmoja anaelekea wapi uandike, manake mhudumu wa kesi akija kesho atakuta ardhi tupu.

Ovadozi

Beba Narcan, dawa ya kupulizia puani ya kumzindua mtu aliyezidisha dawa kama heroini. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari na idara nyingi za afya zinatoa bure. Ukikuta mtu haamki ukimwita na kumsugua kifua kwa nguvu, anakoroma vibaya au hapumui, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, midomo imegeuka rangi (kwa mtu mweusi angalia fizi na kucha), piga 911, mlaze chali, inua kidevu, ingiza Narcan puani sukuma mara moja. Kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni. Dakika mbili tatu hajazinduka, dozi ya pili, pua nyingine. Akianza kupumua mlaze kwa ubavu na ukae naye, dawa hii inaisha nguvu ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu na fentanili (dawa ya kulevya kali sana) inaweza kumrudisha chini. Usimmwagie maji.

Ukikuta mtoto, jua kwamba sheria ya 1987, McKinney-Vento, inampa haki ya kuandikishwa shule siku hiyo hiyo hata kama hana makaratasi wala anwani, na kila wilaya ya shule ina mtu maalum wa hao watoto. Piga simu wilayani umuulizie. Ongea na mzazi kwanza, wengi wamejificha kwasababu wanaogopa kunyang'anywa watoto.

Vocha ikitoka

Watu wengi wakisikia jirani wa kambini kapata vocha wanashangilia wanaondoka, wakati hapo ndio wengi wanaanguka. Vocha ina muda, kwa kuanzia mara nyingi ni siku 60, na ndani ya huo muda mtu anatakiwa apate mwenye nyumba wa kumkubali. Ana historia ya madeni, ana ile tiketi, hana wa kumdhamini. California tangu 2020 mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mtu eti kwasababu tu analipa kwa vocha, na majimbo mengine kadhaa yana sheria kama hiyo, ila bado wanatafuta visingizio. Kwenye jumuiya zetu wapo watu wenye nyumba za kupangisha, tunawajua, tunakutana nao kwenye harusi na misiba. Waendee. Waelezee kwamba sehemu kubwa ya kodi inalipwa na serikali moja kwa moja kila mwezi, hata mpangaji akiyumba hiyo sehemu inaingia. Houston wamepunguza idadi ya watu wasio na makazi kwa zaidi ya nusu tangu 2011, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa hiyo hiyo, kuongea na wenye nyumba mmoja mmoja na kumpeleka mtu kwenye chumba moja kwa moja bila kumwambia apone kwanza.

Michango yenu hapo ielekezwe kwenye ada ya maombi, dipoziti, godoro, sufuria mbili, pazia la bafuni, na nauli ya mwezi wa kwanza. Na yule mtu wa kila Jumamosi aendelee kwenda kwenye anwani mpya, manake barua ya kuhakiki vocha inakuja kila mwaka, na mtu aliyezoea kwamba barua zote ni mbaya haifungui.